Mkwe Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 6 Januari 2025. Bel-Air, Lubumbashi

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zimelegea kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mkono wa kuume umelala mapajani tangu Novemba, siku nilipoanguka shambani kwangu Kasungami na mbegu za mahindi zikiwa bado kiganjani. Daktari alisema mshipa umeziba kichwani. Mguu ulirudi nusu. Ulimi ulirudi wote, na watu wa nyumba hii wamejuta. Mkono ndio uliobaki huko ulikokwenda.

Nyumba hii si yangu. Ni ya binti yangu Bénie na mume wake Paluku, mtu wa Butembo huko Kivu, mfanyabiashara wa jumla mwenye malori mawili na simu tatu. Mimi ni Jeanne, mjane wa Stanislas wa reli, mwalimu mstaafu, mtu wa Kongolo. Nyumba yangu iko Kasungami, na shamba langu liko nyuma yake. Bénie amesema nitarudi siku nitakayoweza kuinua sufuria iliyojaa kwa mikono miwili na kufunga mlango wangu mwenyewe. Nimemwambia nitarudi kabla ya mavuno. Akatabasamu kama mtu anayemdanganya mgonjwa, na mimi sikuzaliwa jana.

Niandike na la pili, ili nisije nikasema nilionewa. Kwetu, mkwe asiyeingizwa haguswi. Hali chakula mbele ya mama mkwe, hapiti anapoketi, hamtazami usoni. Mpaka siku mama mkwe atakapompikia, amwite ndani na kumlisha mbele ya watu. Hapo ndipo anakuwa mtoto. Paluku alimwoa Bénie miaka kumi na moja iliyopita, akatoa vyote alivyoombwa, na mimi sijampikia. Mwaka wa kwanza nilisema mahindi hayajakauka. Mwaka wa pili Stanislas alikufa. Baadaye sikuhitaji tena sababu. Nilitaka Bénie aolewe na mtu wa kwetu, basi.

Sasa nimelazwa sebuleni kwake, na mwenye nyumba anaingia nyumbani mwake kwa mlango wa jikoni. Namsikia anavua viatu huko nyuma kama mwizi. Sitasema kwamba inanihuzunisha.

Jumatatu, 13 Januari

Paluku amemleta mtu wa mazoezi ya viungo, kijana anayeitwa Elisée, amevaa soksi nyeupe katika msimu huu wa matope. Ana kisanduku kidogo kama redio. Kinatoa nyaya mbili, na mwisho wa kila waya kuna sifongo inayoloweshwa maji ya chumvi. Moja inakaa upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio, kwa sababu, anasema, ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kuume. Nyingine inakaa juu ya nyusi ya kuume. Umeme ni mdogo sana na unatoka kwenye betri. Nikamwambia vizuri, maana ungekuwa umeme wa mtaa huu ningepona baada ya kufa.

Kisha akataka anyoe nywele upande wa kushoto ili sifongo iguse ngozi. Nikamwambia kwetu mwanamke hunyolewa anapozika. Akajibu kwamba leo Mama atazika ugonjwa. Nilimchukia kwa sentensi hiyo, nina hakika aliitunga kwenye teksi. Lakini nikanyolewa.

Jumatano, 15 Januari

Chomba, jirani yangu wa Kasungami anayeniangalizia shamba, amekuja kunisalimu. Aliona kichwa changu akaanza kulia kwa sauti mlangoni, akiuliza nani amekufa. Jirani wa kuume akaja, wa kushoto akaja, wanawake wawili wakaketi chini kabisa. Ilibidi nipige kelele kuliko wao ili kuwaambia kwamba hakuna maiti. Walionekana kama watu walionyimwa kitu.

Jumatano, 22 Januari

Elisée huja asubuhi, Bénie akiwa kwenye meza yake ya samaki wakavu huko sokoni Naviundu. Ananifunga mashine kichwani, na ngozi inawasha kana kwamba siafu wanapita. Ananifunga pia mkono wa kushoto kwa kitambaa ili usisaidie. Kisha ananiwekea sahani mbili, moja ina maharage, na kuniamuru nihamishe maharage kwa mkono uliokufa wakati umeme unapita. Unapokwisha tunaendelea bila umeme. Niliifundisha kusoma nusu ya mji huu, leo nahamisha maharage.

Kidole gumba kilisogea. Elisée alipiga makofi. Mimi nilikitazama kidole kama mgeni aliyefika bila kubisha.

Jumamosi, 25 Januari

Mvua. Maharage. Mvua.

Jumanne, 28 Januari

Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Redio imesema, majirani wamesema, na Paluku hajasema neno. Ghala lake kubwa liko huko, na dada yake Léonie na watoto wake wako huko. Tangu asubuhi amesimama uani chini ya mvua akipiga simu zisizopokelewa, simu moja baada ya nyingine. Namwona kupitia dirisha kwa sababu hajui kwamba namwona.

Bénie ameniomba nimtumie neno la pole. Nikasema neno la mama mkwe kwa mkwe hupitia kwa mtu wa tatu. Akasema, basi nipe mimi nimpelekee. Nikamwambia nitafikiri. Jioni nilikuwa bado nafikiri.

Jumatano, 5 Februari

Vidole viwili sasa vinakunja. Léonie hajulikani alipo.

Jumatatu, 17 Februari

Bukavu nayo. Mji huu wa kwetu umeanza kunong'ona. Mafuta ya gari hayapatikani, watu wananunua unga kama kesho hakuna Lubumbashi, na kila mtu aliyezaliwa Kivu amekuwa jasusi. Lori moja la Paluku limepigwa mawe Naviundu. Leo asubuhi mtu alikuwa ameandika kwa makaa kwenye geti: Rudi kwenu.

Bénie alisugua geti kwa sabuni huku akilia. Mimi nimefikiri maneno hayo hayo juu ya Paluku kwa miaka kumi na moja, lakini sijawahi kuchafua geti la mtu. Kuna adabu hata katika kuchukia.

Jumatatu, 24 Februari

Elisée anaondoka. Hospitali yake inampeleka Kalemie, majeruhi ni wengi na watu wa viungo ni wachache. Amemwachia Bénie mashine, akamwonyesha haraka haraka pa kuweka sifongo na pa kubonyeza, huku pikipiki ikimngoja nje. Akasema kila siku, isipokuwa Jumapili. Akasema na mazoezi yaendelee. Kisha akaenda na soksi zake.

Jumatatu, 3 Machi

Ninapumzika. Bénie ananiwekea mashine kabla ya kwenda Naviundu. Ananilaza, ananifunika shuka, anazima redio. "Mama, lala," anasema. "Courant njo iko inatumika. Weye pumzika." Yaani umeme ndio unaofanya kazi. Mwanangu mwema. Hakuwahi kumwona Elisée akinifanyisha kazi, na kwake mgonjwa ni mtu wa kulala. Na tena mimi ni mama, atanipa amri gani?

Sikumwambia habari ya maharage. Niseme ukweli, niliona maharage ni njia ya Elisée ya kuonekana anafanya kitu. Kama umeme unaingia kichwani, na kichwa ndicho kilichoharibika, sahani mbili za nini?

Jumatatu, 10 Machi

Ninapumzika. Siafu wanapita kichwani, mimi nasinzia. Mkono unapumzika pia, tena vizuri kuliko mimi.

Léonie amepatikana. Yuko hai na watoto wake, amevuka ziwa, wako njiani kuja huku. Bénie alipiga vigelegele jikoni. Nilimsikia Paluku akilia, kilio kikavu cha mwanaume asiyejua kulia. Nikageukia ukuta.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekuwa mjinga, na sikuwa peke yangu.

Leo asubuhi kidole gumba kilikataa. Nilijaribu tena na tena, nikakitukana kwa Kiluba, kikakataa. Vidole viwili vilivyokuwa vinakunja vimeanza kukakamaa. Nikapiga kelele mpaka Bénie akaacha samaki wake akampigia Elisée simu Kalemie. Aliweka sauti kubwa ili sote tusikie.

Elisée aliuliza nafanya kazi gani mashine inapowaka. Bénie akasema kwa fahari kwamba sifanyi kazi yoyote, ananiheshimu, ananilaza. Elisée akamwomba arudie, naye akarudia.

"Ya Bénie," akasema Elisée mwishowe, akimwita dada kwa heshima, "courant iko kama mvula. Inalainisha udongo tu. Kulima ni mukono. Kama hakuna mwenye kulima, udongo unakauka tena, na unakauka mubaya kupita mbele."

Nilikuwa na miezi miwili hadi mavuno, na wiki tatu nimezilala. Mvua yote hiyo imenyesha kichwani mwangu na hakuna aliyeshika jembe.

Jumanne, 18 Machi

Bénie amejaribu. Alinifunga mkono wa kushoto, akaweka sahani. Nikamwambia kitambaa kinabana, akakilegeza. Nikamwambia nimechoka, akaondoa sahani. Nikamwambia maharage ni madogo mno, akaenda kutafuta makubwa. Umeme ukaisha akiwa bado dukani. Binti yangu ana moyo wa siagi, nami ni moto. Hatufiki popote.

Alhamisi, 20 Machi

Haya ya leo sijui niyaandikeje.

Bénie alikuwa ameondoka. Nikasikia hatua zikitoka jikoni, zikaja hadi kwenye mlango wa sebule, zikasimama nyuma ya pazia. Nikaona vidole vya miguu vya mwanaume chini ya pazia, bila viatu. Damu ilinipanda.

Nikauliza nani huyo, ingawa nilijua.

"Mama, ni mimi Paluku. Sitaingia. Sitakugusa. Mashine iko karibu yako. Ujivalie."

Miaka kumi na moja sijasikia sauti yake ikinisemesha mimi. Ni sauti ya mtu anayepakia magunia. Nikamwambia hana adabu, arudi jikoni, Bénie akirudi nitamwambia yote. Hakurudi. Akasema sifongo nimeishaloweshewa, nianze na ya kushoto. Nikamuuliza ananiamuru kama nani.

"Kama mutu mwenye amepoteza yote, Mama. Ghala imeisha. Banki ya Goma imefungwa. Sina tena kitu ya kuogopa, hata weye."

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliivaa ile mashine ili tu niwe na kitu cha kushika. Kwa mkono mmoja! Utepe niliuvuta kwa meno. Sifongo ilianguka mara kadhaa, maji ya chumvi yakaniingia machoni, na yule mtu nyuma ya pazia akangoja bila kusema pole. Siafu walipoanza kupita akaniambia nifunge mkono wa kushoto, nikaufunga. Akaniambia nichukue harage. Nikachukua, likaanguka. Akasema tena. Likaanguka. Akasema tena. Hakuwahi kusema vizuri, hakuwahi kusema pole, wala hakuwahi kusema pumzika. Nilipomwita mnyama alisema tena kwa sauti ile ile.

Harage moja lilifika kwenye sahani ya pili.

Nilinyamaza ili asijue. Lakini alikuwa amesikia likigonga sahani.

Jumatano, 2 Aprili

Kila asubuhi anakuja nyuma ya pazia. Funga. Fungua. Tena. Simwambii Bénie, na yeye hasemi. Ni aibu yetu wawili, tumeigawana kama wezi.

Mkono unakunja wote sasa. Unashika kikombe, unashika mpini wa mwiko, unashika gunzi la mhindi. Shida ni kuachia. Ukishika, haujui kuachia, vidole vinang'ang'ania mpaka nivibandue kwa mkono wa kushoto. Paluku alimpigia Elisée, naye akasema ni kawaida, kukunja hurudi kwanza, kufungua huja nyuma na pengine kwa shida, tusiache. Kwa hiyo sasa amri ni moja tu, fungua, fungua, Mama fungua. Namchukia kwa neno hilo. Nimeanza kulisikia ndotoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Chomba amekuja. Alikaa, akanywa chai, akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akasema.

"Mama Jeanne, weye uko huku unawekewa courant, na kule ku Kasungami bantu ba Kivu banapika mu nyumba yako. Mwanamuke na batoto. Banasema mukwe wako njo alibaweka."

Nyumba yangu. Kitanda nilichozalia, jiko nililolijenga na Stanislas. Na shamba, anasema Chomba, mwanamke huyo amepanda maharage katikati ya mahindi yangu, kwa desturi ya kwao. Maharage! Kama sijayaona ya kutosha mwaka huu.

Nilitetemeka mwili mzima, upande mzima na upande mgonjwa. Nikamwambia Chomba kwamba mkwe huyu si mkwe, sijamwingiza, ni mgeni tu aliyemwoa binti yangu, hana ruhusa ya kufungua mlango wangu. Nikasema neno moja zaidi, nilisema, "Mubatoshe." Yaani, muwatoe.

Chomba akatikisa kichwa kwa furaha. Akasema watawatoa, yeye na vijana wa mtaa, lakini nije mwenyewe, watu wamwone mwenye nyumba. Tukakubaliana Jumamosi ya kwanza ya Mei.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo sikusubiri aseme funga. Nilimuuliza kupitia pazia kama ni kweli.

Akasema ni kweli. Akasema alimwomba Bénie aniambie na Bénie aliogopa. Nikamwambia nyumba hii ina vyumba, kwa nini hakumweka dada yake hapa.

"Hapa wapi, Mama? Weye uko ku salon. Mimi mwenyewe naingiaka kwa jikoni. Dada yangu atapita wapi? Atakula wapi?"

Nikawa na hasira mara mbili. Nikashika gunzi la mhindi nikalirusha kwenye pazia. Nililirusha kwa mkono wa kuume. Lilifika karibu na miguu yangu tu, lakini vidole viliachia.

Paluku alilisikia likianguka. Kisha akasema, "Tena."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mvua imekatika. Nimeinua sufuria iliyojaa kwa mikono miwili mbele ya Bénie, nikaitua. Alikaa chini akalia. Sikumwambia nani alinifundisha, wala ninakwenda Kasungami kufanya nini.

Alhamisi, 24 Aprili

Fungua. Fungua. Kuna siku unafungua na kuna siku haufungui. Nikiwa na hofu haufungui kabisa.

Jumapili, 4 Mei. Kasungami

Naandika nikiwa kwangu, kwenye meza yangu. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Jana nilimwambia Bénie nataka kuona mahindi. Paluku ndiye aliyeendesha, hakukuwa na mwingine. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, yeye mbele, hakugeuza shingo hata mara moja, na kioo alikuwa amekiinua kitazame paa. Bénie alibaki na meza yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu alfajiri. Nilitaka nishuke kwa miguu yangu, nimtazame huyo Léonie machoni, nimwambie atoke, na nifunge mlango wangu kwa mkono wangu wa kuume mbele ya wote.

Tulipofika, vitu vilikuwa vimeishatolewa nje. Godoro, masufuria, nguo za watoto, vyote kwenye vumbi la ua wangu. Chomba alikuwa amekuja mapema na vijana wa mtaa, zaidi ya nilivyotegemea, wengine sikuwajua kabisa. Walikuwa na fimbo, na walikuwa wamekunywa. Léonie alisimama amegusa ukuta wa nyumba yangu, mwanamke mwembamba, watoto wamejificha katika kitenge chake. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hili limeishamtokea, na anajua hatua inayofuata.

Nilimtazama machoni kama nilivyopanga. Maneno hayakutoka.

Chomba akaniita mbele kama mgeni rasmi. Lakini vijana walikuwa hawanitazami mimi. Walikuwa wamemwona Paluku akishuka. Mmoja akasema huyu ndiye, huyu ndiye anayewaingiza watu wa waasi mjini kwa malori. Mwingine akamkamata kola. Nilimwona Paluku akiinua mikono juu taratibu, viganja wazi, kama anavyoniambia mimi kila siku nifungue. Fimbo ya kwanza ilimpata begani.

Chomba naye aliogopa. Nilimwona. Alifikiri ameita watu wa kutoa magodoro, kumbe ameita kitu kingine. Na aliyemwita Chomba ni mimi.

Nikapiga kelele kwamba wamwache, ni mkwe wangu.

Wakanigeukia. Kisha yule aliyeshika kola akacheka. "Mukwe gani, Mama? Weye mwenyewe ulisema haukumuingizaka. Mukwe mwenye hakuingizwa eko mugeni tu."

Maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia Chomba akinywa chai. Watu wote wa pale wanajua mila, wazee walikuwa wametoka kwenye nyua zao kutazama, na kila mmoja alijua kwamba mama mkwe hawezi kumgusa mwanaume wa namna hiyo. Akimgusa bila kumwingiza, aibu inashuka kwenye tumbo lililozaa. Hakuna mwanamke wa kwetu angefanya hivyo kwa mzaha. Sikuwa na chakula, sikuwa na mkeka, sikuwa na mashahidi wa ukoo. Nilikuwa na mkono.

Nikatembea. Mguu wangu unachechemea, kwa hiyo walipata muda wa kuona ninakokwenda. Nikampita yule kijana, nikanyoosha mkono wa kuume, nikamshika Paluku mkono wake. Ulikuwa wa moto na wenye jasho, na ulishtuka kama umeguswa na waya.

"Ni mutoto yangu," nikasema. "Nimemuingiza leo. Mwenye kumugusa anagusa mie. Na bale kule ku ukuta ni ba kwangu, nyumba ni ya kwangu, na Chomba atarudisha ile godoro ndani yeye mwenyewe."

Mwanamke mmoja mzee, mke wa fundi wa zamani wa reli, akapiga makofi yale ya heshima, mara moja, kisha tena. Wengine wakafuata. Sidhani walinipenda. Ni kwamba mila ilikuwa imetimia mbele yao, na mtu aliyepiga makofi hawezi tena kupiga fimbo. Yule kijana akaachia kola. Akatema mate karibu na miguu yangu, akaondoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakijifanya wana kazi mahali pengine. Chomba alibeba godoro bila kunitazama.

Nilitaka na mimi niondoke pale, niingie ndani, niketi. Sikuweza. Mkono ulikuwa umeshika na haukutaka kuachia.

Nilivuta. Vidole vikakaza zaidi. Nilikuwa natetemeka, na kadiri nilivyotetemeka ndivyo ulivyobana, hata nikaona ngozi yake inabadilika rangi chini ya kucha zangu. Angeweza kujitoa, yeye ni mwanaume wa kupakia magunia. Hakuvuta. Wazee walikuwa bado wanatazama, na Léonie alikuwa bado kwenye ukuta, hajui kama tayari anaweza kusogea.

Paluku akainama kidogo, kwa mara ya kwanza nikauona uso wake kwa karibu. Ana kovu juu ya mdomo, sikulijua. Akasema polepole, ili wengine wasisikie, "Fungua, Mama."

"Inakataa," nikamwambia.

Ni mara ya kwanza nimemwambia ukweli bila kuufunga ndani ya tusi. Nikaongeza haraka kwamba asidhani nimemsamehe habari ya maharage katikati ya mahindi yangu. Akasema hadhani. Kisha akaketi chini, kwenye vumbi, mbele ya mama mkwe, miguu ameinyoosha kama mtoto wa nyumbani, na mimi nikalazimika kuketi naye kwa sababu nilikuwa nimemshika.

"Bon," akasema. "Tungoje."

Tukangoja.